Baba Alipopiga Kambi Nyumbani Kwake

Baba yangu alikuwa mtu wa kuona mbali. Aliona mbali mno. Macho yake yalipita juu ya paa letu lililokuwa likivuja, yakapita juu ya shamba, yakapita juu ya vichwa vya watoto wake, yakaenda kutua mbinguni moja kwa moja. Kilichokuwa kati ya pua yake na mbingu hakikumhusu. Mama ndiye aliyeachiwa hapo katikati, na hapo katikati ndipo mimi na wadogo zangu wawili tulipokuwa tukiishi.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Tabora mjini, kando ya njia ya zamani ya misafara. Zama hizo Mwingereza alikuwa ameshatawala vya kutosha hata watu wakaizoea kodi yake, na reli ilikuwa imeua kazi ya upagazi kitambo. Lakini midomoni mwa watu wa kwetu upagazi ulikuwa hai. Kila nyumba ilikuwa na babu aliyebeba pembe ya ndovu hadi pwani, na kila babu, kwa masimulizi ya wajukuu, alibeba pembe nzito kuliko ya babu wa jirani. Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, na pembe yake iliendelea kuongezeka uzito kila mwaka. Baba mwenyewe hakuwahi kubeba kitu zaidi ya gunia la karanga kwenda stesheni, tena alipumzika njiani.

Sasa, mwinjilisti wetu hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka kusini, huko kwenye migomba na ukungu, na Jumapili moja ya kiangazi, mtama ukiwa umeshavunwa, alihubiri kwamba Mkristo hapa duniani ni msafiri na maisha haya ni kambi tu. Nadhani huko kwao maneno hayo yalikuwa mazuri ya kuimbia. Hakujua anawaambia akina nani. Kwetu kambi haikuwa mfano wa jambo jingine. Ilikuwa na taratibu zake, na kila mtoto alizijua kwa sababu alizisikia kila jioni: mpagazi hajengi kwa udongo, hukata fito na nyasi akajistiri, hapandi kitu, kwa kuwa hatakuwepo kuvuna, hula posho yake ya siku, na kukipambazuka, ngoma ikilia, anasimama na mzigo wake bila kuangalia nyuma.

Waumini wengine walisema amina wakarudi kupura mtama. Baba hakuweza. Alikuwa mzee wa kanisa, na wazee wa kanisa wana ugonjwa wa kudhani kila mahubiri yamelenga ama jirani yao ama wao wenyewe. Kwa kawaida yalimlenga jirani. Siku hiyo, kwa bahati yetu mbaya, aliamua yamemlenga yeye.

Tulipofika nyumbani alisimama uani akaitazama nyumba yake kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Mke wangu," akasema, "tumejisahau. Tumejenga njiani."

"Nyasi nimeshakata," mama akajibu, akimenya karanga. "Kilichobaki ni wewe kupanda juu uezeke kabla ya mvua."

"Niezeke kambi?" Akacheka, kile kicheko cha upole cha mtu aliyefunuliwa jambo ambalo wenzake bado hawajaliona.

Basi nyasi za mama zikaozea uani. Ua ulipobomoka upande mmoja, baba akasema mbuzi nao ni wasafiri. Alipoalikwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba alikwenda na kuwaambia pande zote mbili kwamba hakuna mwenye shamba, wakaungana kumfukuza. Alirudi amefurahi. Alisema amewapatanisha.

Serikali wakati huo ilikuwa na amri kwamba kila nyumba iwe na shamba la mihogo, akiba ya njaa. Bwana shamba, kijana wa huku huku aliyevaa kaptura ya kaki na kuendesha baiskeli, alikuja kuuliza ya kwetu iko wapi. Baba alimkaribisha kwa heshima, akamweleza habari ya kurudi kwa Bwana Yesu tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana alisikiliza yote, maana alikuwa na adabu.

"Nimeelewa, mzee wangu," akasema. "Wewe panda tu. Akija kabla haijakomaa, nitakuja mwenyewe kukusaidia kuing'oa."

Baba aliahidi kulipeleka jambo hilo kwenye maombi. Mama alilipeleka shambani. Alipanda mihogo ile peke yake, mimi nikimshikia vipando, na bwana shamba aliporudi kukagua, baba ndiye aliyemtembeza akimwonyesha mstari kwa mstari. Nilisimama pale nikamwangalia baba yangu akisifiwa kwa mihogo ya mama.

Yote hayo ningeyavumilia, maana mtoto huzoea kulowana. Kilichonifikisha shingoni ni habari ya shule. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne katika shule yetu ya kijijini. Bibi wa Kizungu aliyesimamia shule ya wasichana ya misheni mjini alituma ujumbe kwa mwinjilisti: ipo nafasi moja darasa la tano, ya bweni, kuanzia Januari, na ada imeshapatikana. Kilichotakiwa ni neno la baba tu, kabla ya Krismasi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kwenda mbinguni. Nililijua hilo, na sikutubu.

Baba alihesabu kwa vidole. "La tano mwakani. La sita mwaka unaofuata. La saba. La nane! Halafu mtasema na ualimu. Binti yangu, unadhani Bwana atasubiri mpaka umalize?"

"Akinikuta darasani, baba, atanirudisha nyumbani?"

Alinitazama kwa jicho ambalo lingetosha kukausha mboga.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mgane aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa na ng'ombe wengi na meno machache, alikuwa ameanza kupita kwetu mara kwa mara, nami nikimwamkia shikamoo, ile marahaba yake ilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika. Baba alisema kuniozesha hakuhitaji muda mrefu, kunaweza kumalizika kabla ya mavuno yajayo. Kwa hiyo Bwana asingesubiri darasa la nane, ila angesubiri harusi. Hesabu hiyo niliifanya mimi, mwenye darasa la nne tu, na sikuona mtu mzima yeyote aliyeifanya isipokuwa mama.

Mama hakubishana. Asubuhi iliyofuata, jua likichomoza, alichukua debe tupu akalipiga kwa mwiko uani hadi majirani wakatoka nje.

"Safari!" akapaza sauti. "Safari, safari! Kirangozi wetu yuko wapi? Kiongozi wa msafara hulala mpaka saa hizi?"

Baba alitoka akifikicha macho. Mikeka yote ilikuwa imeshakunjwa na kufungwa kamba, mizigo imepangwa mlangoni. Kiti chake, kile cha mgongo alichokuwa akipokelea wageni, kilikuwa kimepandishwa juu ya kihenge cha mtama, kwa kuwa kambini hakuna viti. Mama alimkabidhi bakuli la unga mbichi.

"Hii ni nini?"

"Posho yako ya leo."

"Na ugali?"

"Mpagazi hujipikia mwenyewe, mume wangu. Au babu wa watoto alikuwa na mke kila kambi? Mbona hukutuambia?"

Niseme ukweli: baba alifurahi. Siku za kwanza alisema hatimaye nyumba yake imeokoka. Alijipikia ugali uliokuwa na madonge makubwa, akautafuna taratibu, macho yakiwa juu, akaliita jambo hilo majaribu. Shati lake la kanisani lilianza kuwa na rangi ya jiko. Wazee wenzake walipokuja kumtembelea, mama aliwapokea kwa unyenyekevu mkubwa akawaonyesha vumbi: "Kaeni, baba zangu. Sisi tunapita tu, hatuna viti." Wakakaa chini na makoti yao, magoti yakilia, wakiangalia kile kiti kilichokuwa juu ya kihenge. Hawakukaa sana. Hapakuwa na togwa pia, kwa kuwa togwa huhitaji kungoja ichachuke, na mama alisema wasafiri hawangoji.

Nilicheka sana siku hizo, lakini usidhani nilikuwa na furaha. Krismasi ilikuwa inakaribia na baba alikuwa hajatoa neno. Mgane alileta asali. Mama aliipokea, akaiweka pembeni bila kuonja, na mimi nikaiangalia ile asali kama mtu anavyomwangalia nyoka ndani ya nyumba.

Baba alipochoka na madonge yake, aliamua kwenda kwa mwinjilisti kutafuta faraja. Alinichukua nimbebee kikapu cha karanga cha zawadi. Tulimkuta mtumishi wa Mungu amekunja suruali hadi magotini, amesimama katika shimo la udongo, akikanyaga. Nyuma yake kulikuwa na matofali mabichi yaliyofunikwa nyasi, na mengine mengi yaliyokwisha kuchomwa.

"Unajenga?" baba akauliza. Hata hakusalimu.

"Najenga, mzee. Nyumba niliyopewa ina popo, mke wangu hawawezi. Nataka nyumba ya kukaa watoto wangu na watoto wao."

"Na ile kambi?"

"Kambi ipi?"

Alikuwa amesahau. Tangu siku ile alikuwa ameshahubiri juu ya talanta, juu ya mwana mpotevu, na juu ya pombe mara mbili. Baba alisimama pale kama mtu aliyetumwa sokoni akakuta soko limehama. Karanga hakuziacha. Tulipofika alimwambia mama kwamba mwinjilisti ameanguka, na sasa katika mkoa wote wa magharibi amebaki Mkristo mmoja. Hakumtaja jina, alikuwa mnyenyekevu.

Nikajua shule yangu imekwisha. Mtu aliyekosea hubadilika, lakini mtu aliyebaki peke yake na Mungu wake utamwambia nini? Nilikwenda nyuma ya kihenge nikalia, na mama alinikuta pale, akanifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akafuta na wa kwake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu hadi hapo nilidhani mama ana mpango.

Siku chache kabla ya Krismasi mvua ilikuja mchana, ile mvua ya kwetu ambayo haianzi, inamwagwa. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na homa, amelala juu ya ngozi ya ng'ombe pamoja na mwenzake. Paa lilistahimili kidogo, likakata tamaa. Maji yalishuka sehemu tatu kwa mpigo, na baba aliyekuwa akisoma Biblia aliruka kutoka alipoketi.

Hapo alifanya alichofundishwa tangu utotoni. Katika msafara, mvua ikinyesha, mpagazi hajitafutii pa kujificha yeye. Anainua mzigo kutoka chini, anauweka juu ya mawe na kuufunika, kwa kuwa mzigo si wake na lazima ufike mkavu. Baba alilinyakua sanduku lake la bati lililokuwa na koti la kanisani, akatia na Biblia ndani, akaliweka juu ya mafiga. Kisha akatafuta cha kulifunikia. Akainama, akaivuta ile ngozi kutoka chini ya watoto, akalifunika sanduku vizuri pande zote, akalikandamiza kwa mikono miwili. Wadogo zangu walibingirika kwenye tope. Mgonjwa hata hakulia. Alifungua macho tu, akayafumba kwa sababu ya maji.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimngoja apige kelele. Hakupiga.

"Umefanya kazi nzuri," akasema. "Mzigo haujalowa. Hilo koti ni la nani, Baba Watoto?"

"Langu."

"Na hawa ni wa nani?"

Baba akageuka akawatazama.

"Nakuuliza kwa sababu wewe ndiwe kirangozi. Siku tukifika huko unakotupeleka, Mwenye mali atataka mizigo yake. Utamkabidhi koti?"

Mvua ilikuwa inapiga kelele, lakini nilisikia kila neno, na baba alisikia. Akaitoa ile ngozi juu ya sanduku. Akamwinua mgonjwa kwanza, akampakata, akamvuta na mwenzake, akanivuta na mimi ingawa nilikuwa mkubwa, akajifunika ile ngozi kichwani na kuitanda kwa mikono yake miwili juu yetu. Alikaa hivyo hadi mvua ilipokatika. Mikono ilimchoka, hakuishusha. Nilimpenda baba yangu mchana ule, nikiwa nimemkasirikia bado, na sijaweza kutenganisha mambo hayo mawili hadi leo.

Usidhani alikiri chochote. Wazee wa kanisa hawakosei, hufunuliwa zaidi. Kulipokucha alikuwa juu ya paa akiziba matundu, na majirani walipomuuliza kutoka chini kama kambi imevunjwa, alisema anatunza mzigo. Mchana akashuka, akaoga, akavaa lile koti, akaenda kwa mwinjilisti kutoa neno lake. Akarudi kupitia kwa yule mgane kumrudishia chungu chake cha asali, kikiwa kimejaa kama kilivyoletwa. Mama alipika ugali. Kiti kilishuka kutoka kwenye kihenge bila mtu kukitaja.

Januari alinipeleka mjini mwenyewe. Tulipitia mtaa wa Gongoni kwa fundi seremala mmoja Mwislamu, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, aliyejuana na baba tangu siku za kupeleka karanga stesheni. Baba alikuwa amemwagiza sanduku la mbao za mninga.

"Litadumu?" baba akauliza, akiligonga gonga.

"Mzee, hili huyu binti yako atawawekea nguo wajukuu zake."

"Wajukuu zake," baba akarudia, polepole. Nafikiri lilikuwa jambo jipya kwake kabisa, kwamba mimi niliyesimama pale na miguu yenye vumbi naweza kuwa na wajukuu. Akaliangalia lile sanduku tena, kwa adabu zaidi.

Alilibeba kichwani, amevaa koti lake la kanisani, katikati ya mji. Watu walimcheka, nilitamani ardhi inimeze. Langoni yule Bibi wa Kizungu alimwambia aache sanduku kwa mlinzi, litaingizwa. Baba alikataa, akasema mzigo hauachwi langoni, hukabidhiwa mkononi. Akaingia nao hadi barazani, akautua. Kisha akanishika bega akanisogeza mbele ya lile sanduku.

"Mzigo ni huyu," akamwambia. "Hilo ni sanduku lake tu."

Aligeuka akaondoka. Hakunipungia mkono.

Aliendelea kumngoja Bwana kila msimu wa mvua, kwa uhakika ule ule, ila sasa alimngoja akipanda. Kila likizo alinikalisha na kuniuliza nipo darasa la ngapi, na nikishamjibu ananiuliza, "Na baada ya hapo?" Darasa la nane, na baada ya hapo? Chuo cha ualimu, na baada ya hapo? Alinichosha. Mtu ambaye hakuweza kufikiri kupita mavuno yajayo sasa alikuwa hatosheki na mwaka wowote niliomtajia.

Nilikuwa mwalimu, nimepangwa shule ya mbali upande wa ziwa, alipougua. Nilirudi likizo nikamkuta amebaki mifupa. Nilimwogesha, nikampikia uji, nikamsomea Biblia. Siku za likizo zikaisha nikiwa pale pale, na sikuzitaja.

"Shule inafunguliwa lini?" akaniuliza asubuhi moja.

"Jumatatu."

"Na treni?"

"Ipo kesho. Lakini siendi, baba. Nakuuguza."

"Mimi ninaye mama yako. Wale watoto wana nani?"

Nikamwambia wale watoto wana maisha yote mbele yao, wanaweza kungoja wiki moja. Alikasirika hata akajaribu kukaa. Alisema sikukabidhiwa ili nije kukaa kitandani kwa mtu anayeondoka. Nikalia, nikamwita baba katili, na neno hilo nililisema kwa sauti, mbele ya mama. Akaitikia kwa kichwa. Mama akanifungia mizigo yangu, naye analia, na kesho yake nikapanda treni.

Habari zilinikuta darasani, nimesimama ubaoni, naandika hesabu za kujumlisha. Mwalimu mkuu aliniita mlangoni akanipa pole. Walikuwa wameshamzika. Nilirudi mbele ya watoto na chaki mkononi, nikalia pale pale, kwa hasira zaidi ya huzuni, kwa sababu alikuwa na miaka yote ile ya kujiandaa kuondoka, na siku yenyewe alihakikisha mimi sipo. Kisha msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono, akauliza kama wafute au waendelee.

Nikamwambia waendelee.